Riwaya Mbili, Milango Miwili

Njiro, hapa Arusha, yajulikana kwa hesabu. Kipo Chuo cha Uhasibu, na ipo ESAMI, ambako maofisa wa serikali za mashariki na kusini mwa Afrika hufunzwa uongozi. Elimu hiyo ni ya lazima. Hata hivyo, riwaya nazo zina habari ambazo ofisa hatazipata katika daftari la hesabu.

Mwaka 1968, pale Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Owuor-Anyumba walidai Idara ya Kiingereza ifutwe, fasihi ya Afrika iwe kitovu cha masomo. Sisi tumesifu dai hilo mara nyingi, kisha tukajenga ukuta mwingine. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Idara ya Fasihi husomesha kwa Kiingereza. Riwaya za Kiswahili zina mlango wake, TATAKI. Kijana wa Unguja aweza kumsoma Abdulrazak Gurnah mlango huu na Adam Shafi mlango ule, asiwakutanishe kamwe.

Nao wana mengi ya kuambizana. Kasri ya Mwinyi Fuad, ya mwaka 1978, yaeleza dhuluma ya mashamba ya karafuu na kuyapokea Mapinduzi ya 1964 kwa furaha. By the Sea ya Gurnah, ya mwaka 2001, yaeleza mtu aliyefungwa baada ya Mapinduzi hayo hayo, na hatimaye akaomba hifadhi Uingereza. Ndugu zetu wa Visiwani wanazijua habari zote mbili, ijapokuwa nyingine husemwa kwa sauti ya chini.

Watakuwapo wakubwa watakaosema kwamba huko ni kutonesha kidonda. Hatukubaliani nao. Mwanafunzi haombwi kumpigia kura mwandishi; anaombwa kumpima. Tena wageni wamekwisha kutupita: Gurnah alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na Paradise yake ya mwaka 1994 ilifika katika Kiswahili mwaka 2022 tu, kwa jina la Peponi, kwa kazi ya Ida Hadjivayanis.

Twaziomba Wizara za Elimu, Bara na Visiwani, zihimize vyuo vikuu kuziweka riwaya hizo katika somo moja. Maktaba za Njiro nazo zinunue nakala mbili tatu; maofisa wanaokuja kozi huwa na jioni ndefu.