MOTOKAA NYUMBANI: Oili Inapoongezeka Yenyewe

Mwenye motokaa amezoea kuogopa oili kupungua. Akichomoa kijiti cha kupimia akaona alama imeshuka, hana raha mpaka ameongeza. Je, akiona oili imepanda, naye hakuongeza hata tone? Wengi hufurahi, wakidhani injini ni nzima, haili oili. Lakini oili haizai. Mara nyingi kilichoongezeka ni petroli.

Mambo huwa hivi. Katika motokaa za zamani petroli ilichanganyika na hewa kabla ya kuingia silindani. Zile mpya nyingi zenye turbo hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa nguvu nyingi. Ni ufundi mzuri, maana injini ndogo ya lita 1.5 huvuta kama kubwa. Ila injini ikiwa baridi, petroli nyingine hugonga ukuta wa silinda ikabaki majimaji. Huosha oili iliyo ukutani, hupenya kando ya ringi za pistoni, ikashuka hadi kwenye sampu.

Injini ikipata moto na kudumu nao kitambo, petroli hiyo hugeuka mvuke, ikavutwa na kuchomwa. Kwa hiyo msafiri wa mbali haoni shida. Mwenye shida ni yule anayewasha gari, akaenda dukani maili moja, akazima, na jioni vivyo hivyo. Naye ndiye watu humsifu kwa kutunza gari lake!

Jambo hili lilileta kelele kubwa China, hasa upande wa kaskazini wenye baridi kali. Mapema mwaka 2018 kampuni ya Dongfeng Honda ilitaka kuyaita magari kama 350,000 ya aina ya CR-V na Civic yatengenezwe. Serikali ikaukataa mpango wenyewe, na mwezi wa Machi kampuni ikasimamisha kuuza CR-V mpya. Wenye magari walikuwa wameona oili ikipanda kupita alama ya juu, tena inanuka petroli. Dawa mojawapo iliyotolewa ilikuwa kubadili programu ya gari ili injini ipate moto upesi.

Hasara yake ni nini? Oili iliyotiwa petroli huwa kama uji uliozidi maji. Beringi hutegemea utando mwembamba wa oili, na mhimili wa turbo waweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Utando ukikatika, chuma hula chuma, wala mwenye gari hasikii kitu mpaka siku ya gharama.

Basi, pima oili asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali tambarare, uandike kipimo. Kinuse kijiti pia. Ikiwa imepita alama ya juu, usipunguze kidogo tu, maana utabaki na mchanganyiko ule ule. Mwaga yote, ubadilishe na filta. Mwenye safari fupi abadili oili mapema, kama kitabu cha gari kinavyoagiza kwa matumizi magumu. Walau mara moja kwa juma aliendeshe nusu saa au zaidi bila kuzima. Kuliacha likinguruma uani hakusaidii.

Oili ikipanda tena upesi baada ya kubadilishwa, mwambie fundi atazame nozeli, na ile thamostati inayozuia maji ya rejeta. Ikikwama wazi, injini haipati moto hata ukienda mbali.