Feni Ikinguruma, Sipiyu Isitupwe

Kompyuta ya mezani ikianza kunguruma, ushauri wa haraka ni kununua pawasaplai nyingine, na wapo wanaonunua kompyuta nzima. Ushauri huo unawamaliza watu pesa bure. Mara nyingi kinachopiga kelele ni feni ya pawasaplai hiyo, na feni hubadilishwa.

Katika saiba za maeneo kama Kabianga, kaunti ya Kericho nchini Kenya, jirani na chuo kikuu, hasara hiyo si ndogo. Huko ndiko mwanafunzi anakoomba mkopo wa HELB, mkulima wa chai anakofungua tovuti ya serikali ya eCitizen, na mwalimu anakojaza ritani za kodi za KRA kabla ya tarehe 30 Juni. Sipiyu nyingi za biashara hizo ni mitumba ya ofisi za ng'ambo, Dell na HP za umbo jembamba. Pawasaplai zake zina umbo la pekee. Ile ya kawaida inayouzwa dukani haiingii. Feni ya shilingi mia chache ndiyo inayoweza kuokoa mashine yote.

Kelele yenyewe ina chanzo kinachoeleweka. Ekseli nyembamba ya feni huzunguka ndani ya bushi yenye mafuta kidogo. Joto huyakausha mafuta hayo, na vumbi jekundu la barabara za murram, linalotimka Januari na Februari kabla ya mvua ndefu, hujibandika kwenye mapanga. Bushi ikilika, ekseli huyumba. Mwanzoni sauti husikika asubuhi mashine ikiwa baridi, kisha hupotea ikipata moto. Baadaye haipotei tena. Mwisho feni husimama. Pawasaplai nzuri hujizima ikizidiwa na joto, ya bei ya chini yaweza kuungua na kuondoka na mazabodi.

Wapo wanaobandua stika ya katikati na kudondosha tone la mafuta ya cherehani. Kwa mwenye saiba aliyebanwa na msimu wa ritani, hiyo ni nafuu ya haki. Lakini bushi iliyolika hairudi, na kelele itarudi.

Kubadilisha kwenyewe ni kazi fupi: skrubu za kasha, skrubu nne za feni, waya mwekundu na mweusi. Feni mpya iwe ya volti 12, upana na unene uleule, na ampea zisipishane sana na za ile ya zamani. Yenye beringi za gololi hudumu zaidi kwenye joto. Mshale ulio ubavuni mwa fremu uelekee kama ulivyokuwa.

Kinachotisha ni kilicho kando ya feni. Umeme wa ukutani Kenya ni volti 240. Ndani ya pawasaplai kapasita kubwa huhifadhi takribani volti 340, na katika nyingine hukaribia 400. Plagi ikichomolewa, chaji hiyo haiondoki papo hapo, na mshtuko wake unaweza kuua. Fundi aliyefundishwa husubiri, hupima kwa mita, huondoa chaji iliyobaki kwa rizista, kisha hupima tena. Asiyefundishwa huingiza bisibisi.

Wanaosema kwamba kwa hatari hiyo ni heri kuitupa pawasaplai wanakosea. Kijana wa juakali ataifungua hata hivyo, kwa sababu mteja wake hana pesa za nyingine. Na kutupa kuna gharama yake: mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na chini ya robo yake ndiyo iliyorekodiwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Mwaka huohuo Kenya ilitunga Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka, inayowabebesha wazalishaji wajibu wa bidhaa zao zinapochakaa. Ni sheria njema. Hata hivyo, fundi wa mtaani ndiye anayeamua kama sipiyu itafika jaani mwaka huu au baada ya miaka mingi.

Mahali pa kumfundisha fundi huyo papo: Katiba ya 2010 iliweka vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa kaunti. Kaunti kama Kericho na Bomet basi hazina haja ya kusubiri Nairobi. Kila chuo kipewe meza moja ya umeme yenye mita, pasi ya kulehemu, rizista na mwalimu anayejua kapasita ni nini, na somo hilo liwe na mtihani wa vitendo. Pawasaplai za kufanyia mazoezi ziombwe kutoka kwa shule na saiba zilizoziweka stoo kwa sababu ya feni tu.