Waacheni Wacheze, Mgeni Rasmi Atawakuta

Na Mama Chausiku

Jumamosi iliyopita nilishuhudia watoto zaidi ya mia mbili wakikalishwa chini juani, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nne na nusu, kwa jina la kuhamasisha michezo. Hasira niliyotoka nayo pale haijashuka mpaka sasa, na sikutaka kungoja ishuke ndipo niandike.

Ilikuwa Jumamosi ya pili ya mwezi. Mtakumbuka kwamba Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliihimiza nchi nzima iitenge siku hiyo kwa mazoezi. Lilikuwa wazo zuri na bado ni zuri. Sasa shule moja ya msingi huku pembezoni mwa Dar es Salaam, ambayo sitaitaja, iliandaa bonanza. Jirani yangu, yule wa maandazi mnayemjua kwenye safu hii, ana mjukuu wake wa Darasa la Nne pale. Akaniambia, "Mama Chausiku, twende, watoto watacheza." Nikajifunga kanga yangu nikaenda.

Barua waliyopelekewa wazazi ilitaka watoto wafike saa moja. Walifika. Kila mmoja akapewa fulana nyeupe yenye maandishi ya kijani kifuani, fulana za watu wazima zilizowafika magotini. Kisha wakaambiwa wakae kwa mistari, darasa kwa darasa, kwenye kokoto za pembeni ya kiwanja. Kiwanja chenyewe hakikuwa na nafasi, kilikuwa kimesimikwa mahema. Ugomvi wangu na mahema mnaujua, nimeuandika hapa mpaka mhariri akaniomba nipumzike. Lakini yale ninayoyasema kila wiki ni yanayofunga barabara za mtaa. Haya yalikuwa katikati ya goli na goli, na chini yake viti vyenye vitambaa vya satini kwa ajili ya watu ambao hawakuwa wamefika.

Saa mbili ikapita, saa tatu ikapita. Spika zinapiga muziki kifua kinatetemeka. Mshereheshaji anauliza, "Watoto mko tayari?" Watoto wanaitikia, "Tuko tayari!" Anauliza tena baada ya robo saa, wanaitikia tena, sauti imepungua. Kufika saa nne kasoro wa Darasa la Kwanza walikuwa wameegemeana, wengine wamelala kabisa.

Nikaenda kutafuta kivuli, na huko nyuma ya vyoo nikakuta mambo mengine. Wasichana kama sita hivi walikuwa wamechomoka kwenye mstari, wanacheza rede. Mpira wao ni soksi iliyojazwa karatasi za daftari na kufungwa fundo. Wawili wamesimama huku na huku wanarusha, wa katikati anakwepa, na akipata mwanya anainama kutia mchanga kwenye chupa ya maji. Yule wa katikati alikuwa mtoto mwembamba, fulana ameikusanya akaifunga kiunoni isimkwaze miguu. Mpira ulikuja usawa wa mbavu, akapinda mgongo ukapita chini ya kwapa. Akainama, akachota konzi mbili za mchanga, na kabla hajasimama sawasawa wa pili ukaja, akauruka. Jasho linamchuruzika, wenzake wanahesabu kwa sauti ya juu, naye anacheka huku anahema. Hakuna aliyewapa ratiba. Walikuwa na soksi, chupa na nafasi ya hatua kumi.

Akaja mwalimu wa zamu na fimbo mkononi. "Nyie! Nani kawaruhusu? Rudini kwenye mstari!" Chupa ikaangushwa, mchanga ukamwagika, watoto wakakimbia kurudi kukaa.

Nikamwambia, "Mwalimu, si wamekuja kucheza hawa?"

Akanijibu kwa adabu kabisa, "Mama, tuvumilie kidogo mgeni rasmi aje. Wakichafua fulana kabla ya picha, mimi ndiye nitakayeulizwa."

Simlaumu yule kijana. Ameajiriwa juzi, ana mkuu wake juu, na mkuu wake naye ana wa kwake. Lakini jibu lake limenikaa kooni wiki nzima. Watoto walizuiwa kucheza ili picha ya kuhimiza watoto wacheze itoke safi.

Mgeni rasmi alifika saa nne na nusu. Ikaja itifaki, ikaja risala, zikaja hotuba. Katika yake alisema watoto wa siku hizi ni wavivu, hawachezi, wameshikwa na simu na katuni. Aliyasema hayo mbele ya watoto waliokuwa wamekaa kwenye kokoto tangu asubuhi wakimsubiri yeye. Halafu akapelekwa kwenye goli lililobaki akapiga penalti. Golikipa alikuwa mvulana wa Darasa la Sita, mrefu, mwenye miguu ya kuruka, na nilimsikia mtu mzima akimnong'oneza ajitupe upande wa pili. Akajitupa upande wa pili. Makofi, picha. Mahema yakasogezwa, timu ya maveterani ikaingia na jezi zake mpya kucheza na maveterani wa mtaa wa jirani, na watoto wakapewa juisi moja moja wakaambiwa waende nyumbani wawaachie wakubwa uwanja.

Sasa niseme ninachoamini, na sitakisema kwa kuzungukazunguka. Mtoto hahitaji kuhamasishwa kucheza. Kucheza amezaliwa nako. Anahitaji tumpishe. Tumemnyang'anya mahali, tumemnyang'anya saa, kisha tunamshonea fulana na kumwita mvivu.

Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate angalau dakika 60 za kutoka jasho kwa siku. Kwa siku, ndugu zangu, siyo kwa mwezi. Mwaka 2019 shirika hilo lilitangaza matokeo yaliyokusanywa kutoka nchi 146: wanafunzi wanne kati ya watano wa miaka 11 hadi 17 hawafikishi kiwango hicho, na kwa wasichana ni 85 katika kila 100. Tunaweza kusema hayo ni ya nchi za wenye magari na lifti. Lakini hapa kwetu utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012 ulikuta zaidi ya robo ya watu wazima wa miaka 25 hadi 64 wana shinikizo la juu la damu. Waliopimwa wakati ule walikuwa wamekua wakiwa na viwanja. Hawa wanaokua leo sijui wanakua na nini.

Maana viwanja vimekwenda. Zungukeni shule za mjini mtazame wenyewe. Upande unaotazama barabara umejengwa fremu: saluni, wakala wa fedha, duka la vipuri vya bodaboda. Upande wa nyuma jirani amesogeza uzio wake kidogo mwaka huu, kidogo mwaka ujao, na kwa kuwa ardhi haijapimwa wala haina hati, hakuna wa kumuuliza. Kipande kilichobaki kinakodishwa kwa malori kuegesha usiku. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 watoto walifurika, madarasa yakahitajika haraka, na nafuu iliyokuwepo ilikuwa kujenga juu ya kiwanja. Madarasa siyapingi hata kidogo. Ninachopinga ni kwamba katika vikao vyote vile vya kuchangisha matofali sikusikia mtu mmoja akiuliza watoto wale watakimbilia wapi ikigongwa kengele ya mapumziko.

Na saa nazo zimekwenda. Mtoto wa mjini leo anaamshwa saa kumi na nusu, kwake usiku wa manane, anafungwa mkanda kwenye gari la shule, analala njiani kichwa kikigonga kioo. Jioni anateremshwa saa kumi na mbili, anakula, anaingia tuisheni ya sebuleni. Jumamosi ana masomo ya ziada. Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 umeweka somo la Sanaa na Michezo kwa shule za msingi, limeandikwa na lina vitabu. Lakini mjukuu wa jirani yangu nilipomuuliza siku ile wanacheza nini kwenye kipindi cha michezo, aliniambia, "Bibi, mwalimu anaingia na Hisabati." Ndivyo ilivyo katika madarasa ya mitihani. Kipindi cha michezo ndicho cha kwanza kuliwa, na mzazi akisikia anafurahi, anasema shule ile ni kali.

Wazazi wenzangu, hapo ndipo ninapogombana na ninyi. Tulimaliza shule zenye mchakamchaka wa alfajiri, tukifukuza umande kwa nyimbo, tukaenda mitihani hiyo hiyo na tukafaulu waliofaulu. Leo mtoto akirudi na goti lililochubuka tunataka kumpigia mwalimu mkuu. Akirudi na fulana safi isiyo na tone la jasho tunaona ametunzwa.

Kwa wasichana tumezidisha. Wale watoto wa rede nawapa mwaka mmoja, miwili. Akifika Darasa la Sita, akianza kuota matiti, ataambiwa na mama yake, na shangazi yake, na bibi wa jirani anayepita zake, kwamba ameshakuwa mkubwa, aache kurukaruka. Kaka yake atabaki na chandimu kila jioni mpaka aote ndevu, hakuna atakayemsemesha. Yeye atapewa ndoo na ufagio, na akifika ukubwani tunashangaa kwa nini kina mama wa miaka arobaini hawapandi ngazi mbili bila kushika ukuta. Hilo silisemi kwa kuhisi. Nakaa nao kwenye vikoba, nawaona.

Mwezi Septemba 2025 sote tulipiga kelele Alphonce Simbu alipomaliza marathoni ya Mashindano ya Dunia ya Riadha kule Tokyo, yeye na Mjerumani Amanal Petros wakiandikiwa muda mmoja, saa 2:09:48, Simbu akitangulia kwa sekunde 0.03. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Nililia, sioni aibu kusema. Wiki iliyofuata kila kiongozi alikuwa na neno juu ya vipaji. Simbu ametokea Singida. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 Christchurch mwaka 1974, ni wa Karatu. Kule kuna nafasi ya mtoto kukimbia bila kuomba kibali. Lakini mimi wala sidai medali. Katika watoto mia mbili wale huenda asitoke hata mmoja wa kukimbia hadi Tokyo, na bado wote mia mbili wana moyo unaotaka kudundishwa kila siku na mifupa inayotaka kukomaa.

Na msiniambie wananchi hawana mwamko. Nenda Temeke au Mbagala Jumapili alfajiri, utawasikia wana-jogging kabla hujawaona: vijana, mama ntilie, mafundi gereji, wanakimbia kwa kuimba, wamechangishana wenyewe kununua jezi. Hakuna mgeni rasmi aliyewaanzisha. Walichopata ni barabara ambayo saa hiyo magari hayajaamka. Kigali wao walikwenda mbele zaidi, tangu 2016 wanafunga barabara kwa magari baadhi ya Jumapili, na watu wakatoka wenyewe na watoto wao. Mpe mtu mahali, atatoka.

Msomaji wangu wa Korogwe, ambaye hajawahi kuacha safu hii ipite bila kunipinga, najua ataandika kwamba walimu hawatoshi, mipira hakuna, na kwamba mimi naongea kwa kuwa sifundishi darasa la watoto 120. Walimu hawatoshi, ni kweli. Lakini rede haitaki mwalimu. Kombolela haitaki mwalimu. Kamba ya kuruka inasokotwa kwa majani au kwa vitambaa vya fundi cherehani. Mwalimu anahitajika kwa jambo moja tu, kusimama kivulini kuangalia asiumie mtu, na kutoingia na Hisabati.

Kamati za shule zinaitisha mikutano ya wazazi. Safari hii nenda, usimtume dada wa kazi. Uliza mipaka ya kiwanja cha shule iko wapi, hati ipo kwa nani, na zile fremu zinalipa kodi kwenye akaunti gani. Uliza kipindi cha michezo cha wiki iliyopita kilifanyika siku gani na watoto walicheza nini. Ukijibiwa kwamba kilitumika kwa somo jingine, omba jibu hilo liandikwe kwenye muhtasari wa kikao, na jina lako liandikwe kama mzazi aliyepinga.