Picha Iliyokatwa na Kumbukumbu ya Mtoto

Wahenga walinena kwamba macho hayana pazia. Walakini kumbukumbu si macho. Mtu aweza kukumbuka waziwazi jambo ambalo hakupata kuliona hata siku moja, wala asiwe mwongo.

Mfano mmoja wapatikana katika filamu ya Kimarekani iitwayo Star Wars, iliyoanza kuonyeshwa tarehe 25 Mei 1977. Ilipokuwa ikipigwa huko Tunisia, ilitengenezwa sehemu ambamo kijana Luke Skywalker akutana na rafiki yake wa utotoni, Biggs Darklighter. Biggs amweleza kwa siri kwamba amekusudia kuuacha utumishi wa Dola na kujiunga na waasi. Sehemu hiyo ilikatwa kabla ya filamu kutolewa. Kwa hiyo Biggs alionekana karibu na mwisho tu, vitani, akauawa kabla watazamaji hawajamjua vema.

Hata hivyo, wako watu wazima, waliokuwa watoto wakati ule, wanaoshikilia kwamba waliiona sehemu hiyo ukumbini kwa macho yao. Sababu si ngumu kuitambua. Riwaya ya hadithi hiyo ilikwisha chapwa mwaka 1976. Katuni zake zikafuata mwaka 1977, na mwaka 1978 kikatoka kitabu cha watoto chenye picha za filamu yenyewe. Humo Biggs alikuwamo. Zamani hizo nyumba chache sana zilikuwa na mashine ya kuonyeshea filamu. Mtoto alikwenda sinema mara moja au mbili, lakini kitabu alikifunua kila jioni. Miaka ilipopita, ya kitabuni na ya ukumbini yakachanganyika, yasiweze kutengwa tena. Sehemu zile zilizokatwa zilitolewa katika diski za filamu hiyo mwaka 2011.

Wataalamu nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1974, huko Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi 150 filamu fupi ya ajali ya motokaa. Wanafunzi 50 waliulizwa mwendo wa magari yale yalipogongana; wengine 50 waliulizwa kwa neno kali zaidi, lenye maana ya kupondana; waliobaki hawakuulizwa lolote juu ya mwendo. Baada ya juma moja, wote waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika filamu hiyo hapakuwa na kioo kilichovunjika. Lakini wale wa neno kali, 16 walijibu kwamba waliviona. Wa neno la upole walikuwa 7. Neno moja la muulizaji lilitosha kuvunja kioo.

Vivyo hivyo, tarehe 4 Oktoba 1992 ndege ya mizigo iliangukia majumba ya watu mjini Amsterdam, Uholanzi. Hakuna filamu iliyoonyesha ndege hiyo ikianguka. Watafiti walipowauliza watu baadaye, zaidi ya nusu walisema wameiona katika televisheni.

Hapa pana somo kwa askari aandikaye maelezo ya shahidi. Yakini ya shahidi si ushahidi kamili. Yafaa aulizwe, "Uliona nini?" wala asitiwe maneno kinywani; na aandikwe mapema, kabla hajasikia masimulizi ya wengine.

Somo hilo lafaa nyumbani pia. Mtoto akisimulia jambo lisilokuwako, mzazi asikimbilie fimbo. Amwulize kwa upole: uliliona, ulilisoma, au ulisimuliwa? Hivyo mtoto hujifunza kupima maneno yake bila ya kuogopa kusema.

Katika kambi za askari huenda yuko mtoto anayemkumbuka baba akimpungia mkono alfajiri ya safari, kumbe saa ile alikuwa usingizini, na mama ndiye aliyemsimulia kila usiku baba alipokuwa mbali. Kumbukumbu ya namna hiyo haifai kupelekwa mahakamani. Lakini imejengwa kwa mapenzi ya mama, na mzazi mwenye busara hataivunja kwa dhihaka. Mtoto akiuliza, aambiwe ukweli: siku ile ulikuwa umelala, lakini baba alikupungia mkono.