Samoa Mbili: Tuhesabu Nini?



Kuna watu wanaopenda kutuambia kwamba uhuru haujazi sufuria. Wakitafuta ushahidi, wanatuonyesha visiwa vya Samoa, mbali kabisa katika bahari ya Pasifiki. Vema, tuvitazame. Watu wa huko ni taifa moja na lugha moja. Mwaka 1899 Wajerumani na Wamarekani waliwagawa bila kuwauliza, kama Walunda wetu walivyokatwa vipande vitatu. Upande wa magharibi, ambao Nyuzilandi iliwanyang'anya Wajerumani mwaka 1914, ulijitawala tarehe 1 Januari 1962. Upande wa mashariki ungali chini ya Marekani mpaka leo.

Tuanze na feza, maana sisi makarani hiyo ndiyo kazi yetu. Mashariki wanapata zaidi, hatutaficha. Watu wa magharibi wenyewe huvuka bahari kwenda Pago Pago kutafuta kazi katika kiwanda cha kutia samaki ndani ya mikebe. Mtu havuki maji kwenda penye njaa.

Lakini feza ile inatoka wapi? Sehemu kubwa inatoka Washington, na nyingine inategemea samaki. Mwaka 2009 kiwanda kimoja kikubwa kilifungwa, watu kama 2,000 wakakosa kazi. Mshahara wa chini wa watu hao hupangwa na Bunge la Washington, na mjumbe wao humo hana kura sheria inapopitishwa. Vijana wao huvaa nguo za askari wa Marekani na kufa vitani, lakini wakikaa kwao hawawezi kumchagua rais anayewatuma. Kuhesabiwa siku ya kazi na kusahauliwa siku ya shauri: wasomaji wetu hawahitaji kuelezwa.

Tutaambiwa kwamba mgeni huwatunza watu vizuri. Mgeni yupi? Mwaka 1918 meli Talune ilileta mafua makali Apia, mji mkuu wa magharibi. Mtawala wa Nyuzilandi hakuizuia. Watu kama 8,500 walikufa, zaidi ya mmoja katika kila watano. Kule Pago Pago, Gavana Poyer wa Marekani alifunga bandari, na ugonjwa haukuua hata mtu mmoja. Wote wawili walikuwa wageni. Watu wa Samoa hawakumchagua huyu wala yule. Wa magharibi walipodai kujitawala, polisi waliwapiga risasi mjini Apia tarehe 28 Desemba 1929, na mkuu wao Tupua Tamasese Lealofi wa Tatu akauawa. Nyuzilandi iliomba radhi mwaka 2002!

Sasa tuseme na lile linalotuuma. Mwaka 2019 surua iliingia Samoa iliyo huru, ikaua watu 83, wengi wao watoto wasiotimiza miaka 5. Chanjo zilikuwa zimepungua sana. Safari hii hapakuwa na mgeni wa kulaumiwa, na anayesema uhuru uliwalinda watoto wale ni mwongo.

Lakini mwaka 2021 wananchi hao walipiga kura, wakakiondoa chama kilichowatawala miaka mingi sana, hata kama milango ya Bunge ilifungwa ili waliochaguliwa wasiingie. Mashariki nao wanamchagua gavana wao tangu mwaka 1977. Juu ya gavana huyo yuko waziri wa Washington mwenye neno la mwisho, na huyo hakuna mtu wa Pago Pago anayeweza kumwondoa.