Maghala matupu ya ushirika Mara yanaweza kuwa makazi ya wasanii

Mtengeneza litungu wa Machochwe ana maadui wawili: mvua na tembo. Mvua humlegezea ngozi aliyoiwamba kabla haijakauka, kwa kuwa hana mahali pakavu pa kuitundika zaidi ya ukuta wa nyumba anamolala. Tembo humlia mahindi, na mahindi ndiyo yanayomlisha katika miezi ambayo hakuna harusi wala sherehe ya kumwita apige.

Kata hiyo ya Wilaya ya Serengeti iko jirani na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Kwa wenyeji wake sanaa haitenganishwi na jembe. Mpiga litungu, mfinyanzi, msusi wa vikapu na mchonga vigoda ni wakulima kwanza. Msimu ukiharibika, anayetangulia kuondoka kijijini ni kijana mwenye kipaji, kwa sababu anaamini kipaji chake kitauzika Mugumu, Mwanza au hata Nyamongo kwenye machimbo. Akifika mjini anapanga chumba cha bei ya mjini, na mwezi wa tatu anauza ala yake ili alipe kodi.

Wakati huohuo, mkoani Mara na kwingineko Kanda ya Ziwa, yapo maghala ya ushirika ambayo hayajapokea mzigo wa maana kwa miaka mingi. Kuta ni imara, sakafu ni ya saruji, mlango una kufuli, na ndani wanaishi popo. Wataalamu wa mipango wakizungumzia majengo ya kihistoria, hufikiria boma la Mjerumani au jumba la Mwarabu. Ghala la pamba au la kahawa halimo katika orodha yao. Huo ni upofu. Ghala hilo lilijengwa kwa makato ya mkulima, na ndilo jengo la kwanza la kudumu ambalo vijiji vingi viliweza kuliita lao.

Historia yake ni fupi lakini nzito. Vyama vya wakulima wa pamba kuzunguka Ziwa Victoria viliungana mwaka 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani na kuunda shirikisho lililokuja kuwa miongoni mwa makubwa barani Afrika. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika, na mwaka 1982 ikapitisha sheria ya kuvirudisha. Ndipo Mara ikapata chama chake kikuu, kile cha mwaka 1984. Kisha mwaka 1994 biashara ya pamba ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Mnunuzi binafsi alikuja na lori na mizani yake, akanunua na kuondoka, na ghala la kijiji likakosa kazi.

Pendekezo, basi, ni la wazi. Ghala moja kati ya hayo ligawanywe kwa kuta za matofali ya kuchoma kuwa vyumba vya kulala upande mmoja, na upande mwingine uachwe wazi kuwa karakana ya pamoja yenye stoo kavu. Wapange humo wasanii, kwa kodi wanayoiweza.

Pingamizi la kwanza linafahamika: kijijini nani amekosa pa kulala? Ni kweli kwamba Machochwe hakuna anayelala nje. Mila ya Kikurya humpa kijana mahali pa kujenga katika mji wa baba yake. Lakini mjane anayefinyanga vyungu hana uhakika huo, wala binti anayesuka vikapu ambaye hataki kuolewa mapema ili apate paa. Na hata huyo kijana mwenye mahali pa kujenga hana karakana. Ghala linalofaa zaidi ni lile lililo kando ya barabara wanakopita wageni wa hifadhini, si lile lililojificha nyuma ya mlima. Chumba cha msanii kina thamani kikiwa hatua chache kutoka kwa mnunuzi.

Pingamizi la pili ndilo gumu, nalo ni la hesabu. Ikichukuliwa kwa mfano tu kwamba ghala limetoa vyumba vinane, na kila kimoja kinalipiwa Sh 15,000 kwa mwezi, mapato ya mwaka ni Sh 1,440,000 iwapo hakuna chumba kitakachokaa kitupu. Nusu yake, yaani Sh 720,000, iwekwe akiba ya paa, kwa maana paa ndilo linaloua majengo. Robo iende kwenye maji, taa na choo. Robo inayobaki, Sh 360,000, ni ya mwenye jengo, ambaye ni chama cha msingi. Sasa ikiwa kuligeuza ghala kumegharimu Sh milioni 20, na chama kikatumia fungu lake lote kulipa deni, deni litaisha baada ya zaidi ya miaka 55, tena bila riba.

Hapo ndipo miradi mingi ya aina hii hufia, kwa sababu waandaaji huificha hesabu hiyo. Kodi nafuu hutunza jengo, haiwezi kulijenga. Fedha za ukarabati wa mwanzo lazima zitoke mahali pasipodai kurudishiwa.

Hata matajiri wameligundua hilo. Jijini New York, maabara za zamani za kampuni ya simu ya Bell ziligeuzwa mwaka 1970 kuwa makazi ya wasanii yanayoitwa Westbeth, nyumba 384, na mtaji wa mwanzo ulitegemea mfuko wa hisani pamoja na serikali. Katika jiji hilohilo, shule ya zamani huko East Harlem ilifunguliwa miaka ya 2010 ikiwa makazi ya wasanii. Waombaji walizidi 50,000 kwa nyumba 89. Nairobi nayo, kuanzia mwaka 2003, iligeuza maghala ya eneo la viwanda kuwa kituo cha sanaa cha GoDown, ingawa hicho kilikuwa cha kufanyia kazi na si cha kulala.

Kwa Machochwe na majirani zake, mlango wa kwanza wa kubisha hodi ni mpango wa ujirani mwema wa TANAPA, ambao husaidia miradi ya vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Kijiji kinachopoteza mahindi kwa tembo kina hoja nzito kuliko kijiji kingine chochote. Mikopo ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake na vijana ifae kununulia ngozi, mbao na zana, si kuezeka jengo la chama.

Kodi nayo isiwe ndogo kupita kiasi. Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya 1964, nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na serikali zikapangishwa watu wa kipato kidogo. Nia ilikuwa njema. Lakini kodi haikutosha kununua hata chokaa, boriti zikaoza, na baadhi ya nyumba zikaanguka. UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na bado vita ya paa na boriti haijaisha.

Wapo watakaosema ni heri majengo hayo yawe hoteli. Nao wana mfano karibu kabisa. Ngome ya Ikoma, iliyojengwa na Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, iligeuzwa hoteli ya watalii miaka ya 1960. Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na wageni waliokuwa wakitoka Nairobi kupitia Maasai Mara wakakatika. Hoteli haikudumu. Mpangaji anayetoka Machochwe hasubiri mpaka ufunguliwe ndipo alipe.

Atalipa, lakini kwa kalenda yake. Msanii mkulima hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Ana fedha baada ya mavuno, na ana fedha Desemba, msimu wa sherehe. Ushirika wa zamani uliyajua haya. Ulikata deni la pembejeo siku ya malipo ya pamba. Kodi ya ghala ikusanywe hivyohivyo, mara mbili kwa mwaka, na anayependa alipe sehemu kwa mahindi kwa bei ya soko ya siku hiyo.

Linabaki suala la umiliki. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Ya baadaye husubiri tamko la waziri. Ghala la ushirika, kwa hiyo, halina mlinzi zaidi ya wanachama wake na Mrajis. Hati ibaki kwa chama, mikataba ya wapangaji iwe ya miaka mitatu mitatu, na kila inapokwisha mpangaji aonyeshe alichokitengeneza. Westbeth haikuweka ukomo. Wapangaji walizeekea humo, na mwaka 2007 orodha ya wanaosubiri ikafungwa kwa kuwa ilikuwa ndefu mno.

Nani basi ataamua kuwa huyu ni msanii na yule si msanii? Kamati ya watu wa nje itakosea. Wazee wanaoalika wapiga litungu katika sherehe zao wanawajua kwa majina, wanajua anayejua kuwamba ngozi na anayebahatisha. Hao wakae na viongozi wa chama katika mkutano mkuu, ghala lifunguliwe, na fundi apande kwanza kwenye kenchi atazame mchwa umefika wapi.