Mkataba wa pikipiki useme oili ni ya nani

Mkulima wa nyanya wa Ilula, wilayani Kilolo, hahitaji kuelezwa maana ya pikipiki iliyolala. Matenga yamejaa shambani, lori la kwenda Dar es Salaam linasubiri kando ya barabara kuu, na kijana aliyezoea kuyabeba yuko chini ya mti, injini imefunguliwa na mikono imejaa grisi. Nyanya iliyoiva haisubiri spea.

Ubishi unaosikika vijiweni ni kama sevisi ifanywe kwa wakala aliyeuza pikipiki au mwendeshaji ajifanyie mwenyewe. Wakala ana hoja yake. Pikipiki mpya huja na kitabu cha sevisi, na mwenye kuruka sevisi za mwanzo bila kugongewa muhuri anaweza kunyimwa waranti siku kifaa kikifa. Ni upumbavu kupoteza haki hiyo kwa sababu ya ada ya fundi. Katika kipindi cha waranti, safari ya kwenda kwa wakala inalipa.

Waranti ikiisha, hesabu inabadilika. Injini nyingi za sisi 100 hadi 150 zinazotumika kwa bodaboda huchukua oili ya karibu lita moja, na kuimwaga na kuweka nyingine ni kazi ya nusu saa. Kutoka Ilula hadi Iringa mjini ni zaidi ya kilomita 40, na kurudi ni hivyo hivyo. Mwendeshaji huyo atalipa fundi, atachoma petroli, na atapoteza siku ya kazi. Gharama kubwa hapo ni hiyo siku, na wala haiandikwi kwenye risiti.

Kazi ya kumwaga oili inataka uangalifu kuliko ufundi. Injini ipashwe moto kidogo ili oili itoke vizuri. Nati ya chini isikazwe kwa nguvu zote, kwa kuwa kasha la injini ni la alumini na nyuzi zake hukatika upesi. Ukizikata, sevisi ya bure inageuka kuwa kazi ya kutoboa na kuchonga nyuzi upya. Oili iwe ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA kwenye chupa. Wapo wanaoweka ya gari kwa kuwa ni rahisi kupatikana, bila kufahamu kwamba klachi ya pikipiki nyingi huogelea katika oili hiyo hiyo ya injini. Baadhi ya oili za gari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi ikianza kuteleza, pikipiki inalia mlimani lakini haipandi. Oili chafu nayo isimwagwe karibu na mfereji wa kumwagilia bustani.

Kurekebisha cheni, kusafisha filta ya hewa iliyojaa vumbi la njia za mashambani, kubadili plagi na kukaza breki ni kazi ambazo mwendeshaji yeyote anaweza kujifunza. Klachi, vali na ringi za pistoni ziachwe kwa fundi mwenye zana zake, awe wa wakala au wa mtaani. Fundi anayefungua nati ya klachi kwa tindo na nyundo si nafuu hata akifanya bure.

Hata hivyo, wengi wanaoua injini wanajua kumwaga oili. Kinachowashinda ni mkataba. Kijana anakabidhiwa pikipiki, analeta hesabu kila siku au kila wiki mpaka kiasi walichokubaliana kitimie, ndipo anakabidhiwa kadi. Matengenezo yote ni juu yake. Siku abiria ni wachache, anachagua kati ya hesabu na chupa ya oili, na hesabu inashinda, maana asiyeleta hesabu hunyang'anywa pikipiki. Kijana wa kilomita 100 kwa siku, akifanya kazi siku 26, anamaliza kilomita 2,600 kwa mwezi. Akiahirisha oili miezi miwili tu, injini hiyo inayopozwa kwa hewa, inayopanda milima na matenga mgongoni, inabaki na oili nyeusi iliyopungua.

Mwenye pikipiki hudhani mkataba umemlinda. Injini ikinoki mwezi wa nane, kijana anapoteza miezi minane ya jasho, na tajiri anarudishiwa gofu ambalo hakuna atakayelinunua kwa bei ya maana.

Mwenye mali ndiye anunue oili, hata kama bei yake itaongezwa kwenye jumla ya mkataba. Wapo watakaosema vijana wataiuza. Basi imwagwe na kuwekwa mbele yake, kilomita ziandikwe kwenye daftari na wote wawili watie sahihi. Nusu saa kwa mwezi si kazi kubwa kwa mtu anayepokea hesabu kila jioni. Siku kadi inapokabidhiwa, daftari hilo likabidhiwe pamoja nayo, ili kijana ajue amenunua injini ya namna gani.